Kijiko cha Kuonja

Kama umeandikiwa kliniki ya sukari, ukaambiwa upunguze mwili, na mwili haupungui, naomba usome haya mpaka mwisho kabla hujamgombeza mtu yeyote nyumbani kwako. Mimi nilianza na kugombeza. Sasa hivi nina nafuu. Vidole vya miguu vimeanza kuhisi tena, usiku naamka mara moja tu kwenda chooni, na kliniki iliyopita nesi aliandika uzito wangu kwenye kadi akaweka na alama ya vema pembeni, kama ninavyokumbuka kwenye daftari la shule. Lakini siandiki kujisifu. Njiani kuelekea kwenye hiyo vema kuna mtu nilimwumiza, na mpaka leo nikimkumbuka naona aibu hata nikiwa peke yangu chumbani.

Naitwa Mama Ramadhani. Ni mjane, nauza asali na mafuta ya alizeti kando ya barabara ya Dodoma, hapa Ikungi. Nyumbani nilikuwa naishi na mwanangu Ramadhani, anayefanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, na mkewe Zuhura, binti wa Sepuka, pamoja na mtoto wao mchanga. Zuhura ni mtu wa maneno machache. Mimi ni mtu wa maneno mengi, na ndiyo kazi yangu. Msafiri akishuka kwenye gari hana muda, una dakika mbili za kumfanya aamini kwamba asali yako haikuchanganywa na sukari guru. Kwa hiyo unaongea. Unamwambia ni ya porini, nyuki wadogo, haina madhara, hata mwenye kisukari anatumia. Unafungua dumu, unachota, unaonja wewe kwanza mbele ya macho yake, halafu unachukua kijiko kingine unamwonjesha. Muuzaji asiyeonja asali yake hanunuliwi. Tumeikuta hivyo, tunafanya hivyo.

Ugonjwa ulianza na kiu. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, vumbi limejaa barabarani, kila mtu ana kiu, basi sikushtuka. Nilikuwa namaliza dumu la lita tano la maji tangu asubuhi hadi magharibi, na kila mara nakimbilia choo cha nyumba ya nyuma. Mama Joseph, jirani yangu wa nyumbani ambaye pia anauza vitunguu meza ya pili kutoka yangu, akawa ananitania kwamba nimeshika mimba uzeeni. Tulicheka sana. Halafu macho yakaanza kuweka ukungu, gari linakuja sijui ni basi au lori. Siku moja nilirudi nyumbani jioni, Ramadhani akanitazama miguuni akauliza kandambili nyingine iko wapi. Nilikuwa nimetembea njia nzima na kandambili moja, mguu mmoja uko kwenye mchanga na kokoto, wala sikuwa na habari. Kesho yake asubuhi tulikuwa hospitalini.

Sukari ilikuwa juu, na presha nayo ilikuwa juu. Mzani ulisema kilo tisini na sita. Daktari alikuwa kijana wa umri wa Ramadhani, aliniamkia kwanza ndipo akaanza kunisomea mashtaka. Alinipa vidonge, akaniambia vidonge peke yake havitoshi, nipunguze mwili. Nikipungua tutakwenda vizuri. Nisipopungua, tutafika kwenye sindano.

Hilo neno sindano lilinikata maini. Dada yangu mkubwa alianza sindano hizo, na baada ya miezi michache akakatwa mguu. Leo naelewa kwamba alikuwa amechelewa kwenda hospitali, na sindano haikumkata mguu. Siku ile sikuelewa hivyo. Nilitoka pale nimejiapiza kwamba nitapungua, na kwamba yeyote atakayesimama kati yangu na kupungua atanijua mimi ni nani.

Nilimwita Zuhura jioni ileile. Nikamwambia chakula changu kisiwe na mafuta, ugali usizidi ngumi yangu, mboga zichemshwe, mlenda usitiwe karanga. Alisikiliza akiwa anachochea moto, akaitikia, "Sawa, mama." Kesho yake nikakuta ametenga sufuria ndogo kwa ajili yangu peke yangu, na mwiko wake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mchana alikuwa ananiletea chakula pale mezani kwangu barabarani, kimefunikwa, mtoto mgongoni.

Na mimi kwa upande wangu nilijitahidi, msifikiri nilikuwa nacheza. Soda niliacha. Sukari kwenye chai niliacha, nikaweka asali. Chapati na maandazi niliacha, asubuhi nikawa nakunywa uji wa lishe, ule wa ulezi, mtama, soya, karanga na ufuta, kikombe kikubwa cha bati, asali vijiko viwili. Kabla ya uji nilikuwa nameza kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti, kwa sababu wateja wangu nilikuwa nawaambia alizeti inasafisha mishipa, na kitu ukikisema kwa miaka kumi na mbili unakiamini. Saa nne karanga mkononi badala ya andazi. Mchana, baada ya kile chakula cha Zuhura, parachichi zima, maana parachichi ni tunda. Jioni juisi ya ubuyu na asali. Ungeniuliza nimekula nini siku hiyo ningekwambia ugali ngumi moja na mboga ya kuchemsha, na ningeapa. Hayo mengine hayakuwa chakula kwangu. Yalikuwa afya.

Kliniki yetu ni mara moja kwa mwezi. Mnafika alfajiri, mnaweka kadi kwenye boksi, mnakaa kwenye benchi mkisubiri. Hamjala, kwa sababu mnapimwa kabla ya kula, na njaa ya mgonjwa wa sukari ina hasira zake. Watu hawaongei sana mwanzoni. Kuna mzee alikuwa anakuja na kanga ya mkewe, anaikunja anaiweka chini ya makalio ya mgonjwa yeyote aliyekonda, kwa sababu benchi lilikuwa la mbao ngumu. Mimi hakuwahi kunipa. Alinitazama akasema mimi nimekuja na godoro langu mwenyewe. Nilicheka mpaka machozi, na mambo madogo kama hayo ndiyo yaliyonifanya niendelee kwenda.

Kliniki ya kwanza baada ya kuanza kujinyima, mzani ulisema kilo tisini na sita na nusu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, watu wako mashambani. Ya pili, alizeti imeshaota, tisini na saba. Nilianza kusikia uchungu. Unalala na njaa, unaamka unatetemeka, halafu unapanda kwenye mzani unaambiwa umeongezeka. Pete yangu ya ndoa ilikuwa imezama kwenye kidole kama waya uliofungwa kwenye mti unaokua. Kusali nilikuwa nasalia kwenye kiti, kwa sababu magoti yalikuwa hayakubali kwenda chini, na yakienda hayarudi.

Nikaanza kumtazama Zuhura. Nilikuwa natazama mikono yake akipika. Nikawa nainusa mboga kabla ya kula. Siku moja niliona tone la mafuta linaelea kwenye mchuzi wa maharage, nikauliza, akasema labda mwiko ulichanganywa na wa sufuria kubwa. Akaomba radhi. Ugali nao niliona unazidi kuwa mdogo, nikamwambia Ramadhani kwamba mke wake ananinyima. Kwa hiyo mwanamke yuleyule, kwa akili yangu ya wakati ule, alikuwa ananinyima chakula na kuninenepesha kwa wakati mmoja. Jamani, mtu akishaamua kuchukia hahitaji hesabu zikubaliane.

Kliniki ya tatu alizeti ilikuwa imechanua, ukitoka Ikungi kwenda upande wowote ni manjano tu. Mzani ukasema tisini na nane. Nesi wetu, Sista Veronika, ni mama mwema lakini sauti yake ni ya kuchungia ng'ombe. Akasema, benchi zima linasikia, "Mama Ramadhani, huko nyumbani unalishwa nini?"

Alisema unalishwa. Lilikuwa neno la kawaida tu, na hakuwa na maana mbaya. Lakini mimi nilitembea nalo kutoka hospitalini mpaka nyumbani, jua linachoma, na kila hatua lilikuwa linavimba. Nilipoingia uani nilimkuta Zuhura ameshika chupa ya mafuta, anakaanga mayai ya kumpelekea mumewe kazini. Mama Joseph alikuwepo, amekuja kuazima kinu, pamoja na majirani wengine wawili waliokuwa wanachota maji kwetu. Sikuuliza anamkaangia nani.

Nilisema, "Nimejua sasa. Huyu mwanamke ananiwekea kitu kwenye chakula."

Kama wewe si mtu wa huku, naomba uelewe nilichosema. Sikusema anaweka mafuta. Nilisema anaweka kitu. Kwetu maneno hayo hayana tafsiri mbili, ni kumwambia mtu kwamba ni mchawi au ni muuaji. Na sikuishia hapo. Nikasema anataka nife abaki na nyumba. Wale majirani walishusha ndoo zao. Zuhura aliipua kikaango, akakiweka chini taratibu, akafunika chupa ya mafuta, akaingia ndani. Hakulia mbele yangu. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshafunga kanga zake na vitu vya mtoto, akapita mbele yangu, akasema, "Mama, naenda kwetu." Nilimjibu kwamba njia anaijua.

Ramadhani aliporudi kutoka kazini nilimweleza kwa maneno yangu. Alinisikiliza amesimama. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Tangu siku ile akawa anakula kwa mama ntilie, anarudi nyumbani kulala tu, na kila Ijumaa anakwenda Sepuka. Salamu alinipa, shikamoo yangu sikuikosa hata siku moja. Zaidi ya hapo hakukuwa na neno. Barabarani nako habari ilishaenea. Mama Joseph aliisimulia kwa wauza vitunguu wote, na ukweli ni kwamba sikumzuia. Nilitaka ienee.

Basi nikabaki napika mwenyewe. Nilisema sasa ndiyo nitapungua, hakuna mkono wa mtu kwenye sufuria yangu. Mboga nilichemsha mimi, kwa maji na chumvi kidogo. Ugali nilisonga mimi, ngumi moja. Mwezi mzima hakuna mtu mwingine aliyegusa chakula changu. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba siku ya kliniki nilivaa dera jepesi, na nilipofika kwenye mzani nikavua kandambili na saa.

Kilo tisini na nane na nusu.

Nilishuka nikapanda tena. Ilikuwa ileile. Nilikaa kwenye kiti cha Sista Veronika, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa sukari wala sindano, kilikuwa Zuhura akifunika ile chupa ya mafuta. Nilianza kulia. Sista akadhani nalilia uzito. Akafunga mlango, akashusha ile sauti yake, kumbe anaweza kuishusha, akaniambia nimwelezee siku yangu tangu nafumbua macho. Nikamtajia ugali na mboga. Akasema hapana, siku yote, hata kilichopita mdomoni kwa bahati mbaya. Ndipo uji ukatoka, na mafuta ya asubuhi, na karanga, na parachichi. Alikuwa anaandika nyuma ya karatasi ya dawa. Hakunicheka. Aliniambia vyote hivyo ni vyakula vizuri, lakini nimevila juu ya chakula badala ya kuvila kama chakula, na kwa kipimo cha mtu anayelima kutwa, si cha mtu anayekaa nyuma ya meza.

Kisha akauliza kazi yangu. Nikamwambia nauza asali. Akaniuliza nauzaje. Nilimwona anapoteza muda, lakini nikamweleza. Nikamwonyesha hata kwa mkono: nafungua, nachota, naonja, namwonjesha.

"Unaonja kwa kila mteja?" akauliza.

"Kila mteja. Wasipoona naonja hawanunui."

"Kwa siku wanasimama wangapi?"

Nilitaka kumjibu haraka, nikashindwa. Nilianza kuhesabu magari ya asubuhi, nikahesabu ya mchana, na wale wanaoshuka, wakaonja, wakaondoka bila kununua. Siku ya soko je? Niliacha kuhesabu nilipopita vijiko ishirini. Na kijiko changu ni kikubwa, cha kulia wali, maana kijiko kidogo mteja anaona unamfanyia ubahili.

"Lakini Sista, ile ni kazi," nikasema. "Ile si kula."

Aliniangalia kwa huruma. Akasema, "Mama, mwili wako haujui kwamba uko kazini."

Sijui nilifikaje barabarani. Sikufungua meza siku hiyo. Nilikaa kwenye kreti ya soda nyuma ya madumu yangu, nikakumbuka mambo mengi, na mengine hayakuwa ya Zuhura. Nilimkumbuka mzee mmoja wa Kilimatinde, ambaye kila akipita kwenda Singida kumwona bintiye alikuwa anasimama kwangu. Aliniuliza waziwazi, yeye ana kisukari, je, anaruhusiwa asali. Nikamwambia baba, hii ni dawa, wewe lamba tu. Alibeba chupa mbili kubwa. Alinunua hivyo mara tatu au nne. Tangu siku hiyo ya kliniki namtafuta kwa macho kila gari linaposimama, nimwambie nilimdanganya bila kujua kwamba nadanganya. Hajapita tena. Labda binti amehama. Najiambia hivyo.

Mama Joseph alinikuta pale. Nikamwambia yote. Nikamwambia Zuhura hakuweka kitu, na kwamba yeye Mama Joseph ameisimulia habari ya uongo niliyomtengenezea mimi. Akasema kila akiniona naonja ile asali moyoni alikuwa anasema huyu mama ana bahati, anakula utamu bure. Nyani haoni kundule, na wenzake nao wakiona hawasemi.

Kwa desturi, mama mkwe haendi mwenyewe kuomba radhi kwa mke wa mwanawe. Anatuma mshenga. Nilimwendea yule mzee aliyekuwa mshenga wetu Ramadhani alipomposa Zuhura, akanisikiliza mpaka mwisho, akakataa. Alisema maneno yale sikuyatuma siku ya kuyasema, kwa nini nitume siku ya kuyafuta. Alinikera sana. Njiani nikirudi nikajua hakukosea.

Tulikwenda Sepuka mimi na Mama Joseph, gari la asubuhi, wakati watu wanavuna alizeti. Ramadhani nilimwambia usiku uliotangulia, akasema ni vizuri, lakini hakuja. Baba yake Zuhura alitupokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alituletea viti, akatuuliza habari za Ikungi, mvua, mavuno, mpaka nikatamani anifukuze. Zuhura alitoka ndani, mtoto amembeba kiunoni, akatuamkia wote wawili kwa heshima yote. Alikuwa amekonda usoni. Mtoto hakunikumbuka, aliponiona akaficha uso.

Nilisimama. Magoti yaliuma lakini nilisimama. Nikasema, "Zuhura, nilisema unaniwekea kitu kwenye chakula. Nilikusingizia. Hukuweka kitu. Kilichokuwa kinaninenepesha nilikuwa nakila kwa mkono wangu mwenyewe, kila siku, barabarani, watu wakinitazama. Mama Joseph alisikia nilipokusingizia, ndiyo maana nimemleta asikie na hili."

Alimweka mtoto chini, akakaa mkekani karibu na mama yake, aliyekuwa pale tangu tufike.

"Mama," akaniambia, "mimi nilikuwa nakuona."

Nikamwuliza alikuwa anaona nini.

"Asali. Nilipokuwa nakuletea chakula cha mchana nilikuwa nakuona unavyoonja. Na uji wako nilikuwa nauona. Nilitaka kukwambia, lakini mimi ni nani wa kukuambia uache kulamba asali yako? Nikawa nakupunguzia ugali kidogo kidogo. Nilifikiri itasaidia."

Jamani. Yale mapande ya ugali niliyoyasemea kwa mumewe kwamba ananinyima. Msichana wa watu alikuwa anajaribu kuniokoa kwa njia pekee niliyomwachia, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umejaa nyumba nzima na hakukuwa na nafasi ya mtu mwingine kusema. Nilikaa chini bila kuambiwa nikae. Baba yake akasema, basi, mambo yamekwisha, mama amekuja mwenyewe kwa miguu yake, turudi kwenye undugu wetu. Mama Joseph akaitikia. Mimi nikamwomba Zuhura arudi nyumbani.

Akasema, "Nimekusamehe, mama. Mungu ni shahidi yangu. Lakini sitakupikia tena."

Baba yake akamwita jina kwa sauti ya kumwonya. Yeye akainamisha kichwa, lakini aliendelea.

"Siyo kisasi, baba. Mtu akishaambiwa mbele ya watu kwamba anaweka kitu kwenye chakula, basi siku yule aliyemsema akiumwa hata kichwa, mikono ya mpishi ndiyo itakayotazamwa. Na mama ana ugonjwa. Ataumwa tena siku moja, sote tunajua. Siwezi kupika nikiisubiri hiyo siku."

Mimi na Mama Joseph tukaaga, tukaenda kungojea gari.

Zuhura na mtoto walirudi Ikungi mwezi uliofuata, lakini hawakurudi kwangu. Ramadhani alipanga vyumba viwili karibu na soko. Mimi nikaendelea na kliniki. Uji wa lishe bado nakunywa, kikombe kidogo, bila asali, na nikiunywa huo ndio mlo wangu wa asubuhi, sichanganyi na kitu. Karanga ni kiganja kimoja, parachichi ni robo. Mafuta ya kumeza asubuhi niliyaacha, nikawa natia kijiko kimoja kwenye mboga kama watu wengine. Vidonge sikuacha hata siku moja, na ninyi msiache, na kila mnachobadilisha mwambieni nesi wenu. Mezani kwangu nawaambia wateja waonje wao, mimi nina kisukari, sionji. Wengine huondoka. Wengine hunitazama tena, wakaniuliza maswali, na wanaouliza maswali hao huwa wananunua. Akija mwenye ugonjwa wangu namwambia aende akamuulize daktari wake kwanza. Kilo zilishuka polepole, mwezi huu moja, mwezi ule nusu. Sasa nina themanini na nne. Sindano bado hatujafika. Pete inazunguka kidoleni, na tangu mvua za mwaka huu nasujudu chini, paji la uso linafika kwenye mkeka, na kila likifika namshukuru Mungu na palepale namkumbuka Zuhura.

Huwa anakuja Ijumaa na mtoto. Anafagia, anachota maji, ananiosha miguu na kuitazama katikati ya vidole kama alivyofundishwa na Sista, maana aliomba mwenyewe kwenda kufundishwa. Lakini moto ukiwashwa jikoni anatoka nje. Chakula nikikipakua anakula nami sahani moja, bila shida.

Mwezi uliopita malaria ilinilaza siku nne. Zuhura alikuja kila siku tangu asubuhi. Alinifulia, alinigeuza kitandani, alinipangusa matapishi bila kukunja uso. Nilihitaji kula kwa sababu ya vidonge vya sukari. Akaenda kumwomba Mama Joseph apike uji kwake, na uji ulipoiva hakuubeba yeye. Mama Joseph ndiye aliyeuleta, akaingia nao mpaka ndani, akaufunua, akaninywesha. Zuhura alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali ambapo sote tulimwona, mikono yake miwili ameiweka wazi juu ya mapaja mpaka nilipomaliza kunywa.